Kusaka vitu vya zamani Dar kwa hela ndogo: maswali mnayoniuliza kila siku

Kila likizo ikifika simu yangu haipoi. Ndugu wa Mwanza, washkaji wa Dodoma, jamaa wa Nairobi waliokuja semina, wote swali lao moja tu wanalizungusha, eti wapi Dar napata vitu vya zamani kwa bei ya kawaida, maana wameona sebule ya mtu mtandaoni ina chemli ukutani na sanduku la Kizanzibari chini ya tivii wakapagawa. Nimechoka kurudia kwa voisi. Someni hapa.

Dar kuna soko la vitu vya kale?

Hamna. Yaani hakuna sehemu utashuka kwenye daladala konda akwambie haya, soko la antiki hilo hapo. Masoko yetu ni ya mitumba, vipuri, samani, vyombo, vyakula, na kitu cha zamani kinakuwa kimejibanza humo humo katikati, halafu mwenye nacho wala hakiiti cha kale, anakiita kibovu, au used, au "hicho alikiacha mzee". Kwa hiyo usitafute soko, tafuta watu ambao kazi yao inawafanya washike vitu vikuukuu kila siku: wa skrepa, mafundi saa, mafundi redio, mafundi cherehani, maseremala wanaorudishia samani, na wale wanaonunua vitu vya nyumba nzima mtu akihama. Ukiwajua watano wa namna hiyo Dar yote iko mkononi mwako.

Nina siku moja tu, nianzie wapi?

Kariakoo, na uwe umefika saa mbili asubuhi. Panda mwendokasi mpaka Gerezani, ukishuka pale uko jirani kabisa. Jina lenyewe la Kariakoo ni kitu cha zamani ukitaka kujua, limetoka kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza. Jengo la soko alilichora Beda Amuli, likafunguliwa 1975, likaja kuungua Julai 2021. Ila wewe shida yako siyo jengo, zunguka mitaa ya pembeni, angalia vibarazani kwenye vimeza vya mafundi saa. Fundi saa mwenye umri umeenda ana kopo au droo ya saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Msalimie vizuri, kaa, mpe kazi kidogo hata ya kubadilisha mkanda, ndo uulize.

Mi nilivyoanza nilikuwa nafika na kuuliza "una saa za zamani?" najibiwa hamna. Siku moja nikasema "Shikamoo mzee, nina Seiko ya baba imesimama." Akasema "Marahaba mwanangu, lete tuione." Tumekaa nusu saa anaisafisha, mwisho akanyanyua kitambaa chini ya meza mwenyewe, kuna saa kumi na kitu. Hakuna aliyemuuliza.

Ukitoka hapo nenda Karume, Ilala, kwa mitumba. Wengi wanajua nguo tu, lakini kwenye mikoba na mikanda kuna ngozi nzuri ambayo dukani hupati, tatizo inabidi uiname sana na uvumilie jua. Saa saba mchana achana na yote, nenda ukapate chakula. Jioni kama miguu bado ipo, Keko kwa maseremala.

Keko si wanauza samani mpya?

Ndiyo, kitanda na sofa mpya ndo kazi yao. Lakini maseremala wengi huko wanapokea pia kochi na kabati za watu zikarabatiwe, na mwenye kabati akishindwa kumalizia hela, kabati linabaki nyuma ya karakana linanyeshewa. Hilo ndo unalotaka. Uliza "kuna samani yoyote imetelekezwa?" Kabati la mninga la miaka hiyo ukilipiga msasa na vanishi linakaa kuliko chochote cha maranda yaliyobanwa, na fundi yupo hapo hapo, bei ya kabati na ufundi unapatana kwa pamoja. Kabla hujalipa pindua, gonga, angalia kama kuna unga unga wa mbao umemwagika chini ya miguu. Ukiuona ujue wadudu bado wako ndani wanakula, na ukilipeleka nyumbani watahamia mpaka kwenye milango.

Hawa wa skrepa unawasemaga sana, kwani wana nini?

Wana kila kitu! Wale vijana wa mikokoteni wanaopita mtaani wanapiga kelele za vyuma chakavu, betri mbovu, masufuria mabovu, mzigo wao unaishia kwenye yadi zenye mizani, na huko kitu kinauzwa kwa kilo. Hiyo ndo siri yote. Birika la kahawa la shaba, kinu kidogo cha shaba, pampu ya karabai, kitasa cha mlango wa miaka ya ukoloni, vyote vinapimwa sawa na bomba lililopasuka, halafu vinaenda kuyeyushwa. Inauma ukiona.

Unachofanya: fika asubuhi kabla mzigo haujapangwa, ongea na mwenye mizani siyo na kibarua, mwambie unanunua vyombo vya shaba vizima, acha namba yako, mwambie nitakupa zaidi ya bei ya kilo. Na umpe kweli. Kuna watu wanajisifia wamemlalia mtu wa skrepa wakachukua birika kwa bei ya soda mbili, mi naona ni ushamba, maana yule jamaa siku ya pili akijua hakupigii tena, mzigo anampa mwingine.

Beba sumaku ndogo mfukoni. Shaba haishikwi na sumaku, ikishikwa ujue ni chuma kimepakwa rangi ya shaba. Vaa viatu vilivyofunika vidole, mle kuna mabati.

Halafu ole wako ununue kipande cha reli, mfuniko wa chemba, waya wa umeme au kibao cha barabarani, hata kikiwa kizuri vipi. Hizo ni mali za umma, mwizi anakimbia wewe unabaki na ushahidi mkononi.

Na taa za reli zenye maandishi EAR&H?

Hizo ni nzuri sana na ni za kweli mara nyingi. East African Railways and Harbours ilikuwepo kuanzia 1948, na mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa, kwa hiyo taa ikiwa na herufi hizo unajua iko ndani ya miaka gani. Ila muulize muuzaji kaipataje. Akikwambia babu yake alikuwa mfanyakazi wa reli na ana stori inayoeleweka, sawa. Akianza kutazama pembeni, aga.

Vitu gani naweza kupata bila kutumia hela nyingi?

Chemli, pasi ya mkaa, mbuzi ya kukunia nazi, redio, santuri, sarafu za kawaida, masanduku ya bati, kanga za zamani, vyombo vya bati vile vya rangi nyeupe na ukingo wa bluu. Kwa hivi mi nimeshawahi kutoka na chemli kwa elfu kumi na tano, pasi kwa elfu ishirini, santuri kwa buku tano tano. Ukitajiwa laki kwenye pasi ya mkaa ujue umeonekana mgeni.

Kwenye pasi kuwa makini na jambo moja, ile yenye kijogoo cha kufungia kwa mbele watu wanadhani ni lazima iwe ya enzi za Mjerumani. Wapi. Pasi za jogoo zinatengenezwa mpaka leo. Ya zamani utaiona mpini umelainika kwa mkono wa mtu na chini pamesuguliwa hadi pamekuwa kama kioo, mpya ina kingo zinakwaruza.

Chemli nayo geuza usome chini na kwenye kioo. Za Mjerumani zimeandikwa Feuerhand, kioo kikiwa cha kwake hiyo bei inapanda kidogo ni halali. Zilizojaa madukani ni za China, hazina ubaya, zinawaka, ila usilipe bei ya ukale.

Santuri bado zipo kweli?

Zipo ila zinapungua, na nyingi zimekwaruzwa kwa sababu zilipigwa kwenye mabaa usiku kucha na sindano mbovu. Zile ndogo za mizunguko 45 ndo nyingi, muziki wa dansi, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz, na Wakongo wengi tu. Ishike kwa pembeni, ilaze ikae usawa wa jicho lako uangalie kama imejikunja. Jua la Dar likiipata santuri juu ya bati kwa siku moja inakuwa sahani ya ugali. Bahasha yake yenye picha ikiwepo, lipa hata mara mbili.

Za kuzisaka ni kwa mafundi redio, siyo madukani. Huko huko utakutana na redio za National za miaka hiyo, zile redio za mkulima za betri kubwa. Mwambie fundi aiwashe mbele yako, asikwambie "inahitaji betri tu". Hiyo "tu" imenigharimu mara tatu.

Rupia ya Mjerumani inavuta mchele, ni kweli?

Hapana jamani. Naomba niseme kwa nguvu maana kila mwaka kuna mtu analizwa.

Rupia ni hela ya kawaida iliyotumika hapa wakati wa Wajerumani. Ilitengenezwa kwa fedha asilimia 91.7, uzito wake gramu 11.66, na fedha haina sumaku, haivuti mchele, haizimi tochi, haiiti majini. Anayekuonyesha inavuta mchele amekuchezea mchezo wa mikono, na kawaida yao wako watatu, mmoja ana rupia, mmoja anajifanya tajiri wa nje anaitafuta kwa mamilioni, mmoja ni "shahidi" aliyekutana na wewe tu kwa bahati kwenye daladala. Wewe unaombwa laki mbili tatu za kuikomboa. Kwa rupia halisi tumia mizani ndogo ya sonara na ile sumaku yako, ikinasa kwenye sumaku ni feki, basi, kunywa chai yako uondoke.

Ile ya kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu ya mamilioni ndani nayo ni ndugu yake huyo huyo. Uvumi huo ulitikisa Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakanunua cherehani za bibi zao kwa mahela ya ajabu, ukaja kusikika na huku kwetu. Ndani ya Singer kuna mafuta, vumbi na nyuzi za sare za shule.

Sarafu gani basi ninunue?

Anza na zile za 1966, za kwanza za Tanzania yenyewe. Senti tano ina samaki, senti ishirini ina mbuni, hamsini ina sungura, shilingi ina mwenge. Zipo nyingi na hazistahili bei kubwa, lakini ukizipanga nne kwenye fremu mtoto anauliza maswali nusu saa.

Heller za Mjerumani, yaani senti zake, zenye tundu katikati zinapatikana, na senti za Afrika Mashariki za Mwingereza zenye tundu pia, wauzaji wanazichanganya, soma maandishi. Ukikuta senti tano au kumi ya 1936 soma jina la mfalme, kuna zenye Edward VIII, huyu alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja akaachia kwa sababu ya mwanamke. Stori tamu, lakini sarafu yenyewe siyo adimu kama watakavyokuapia.

Zile za Tabora za 1916, heller ishirini za shaba zilizotengenezwa kwenye karakana ya reli vita imebana, hizo zina thamani zaidi na feki zake ni nyingi zaidi. Mgeni aziache kwanza. Na riali kubwa ya fedha yenye yule mama Maria Theresa, mtawala wa Austria, na mwaka 1780, usishtuke kuona mwaka, waliendelea kuitengeneza vizazi na vizazi baada ya mama kufariki na kila mara wanaandika 1780 hiyo hiyo.

Sanduku la Kizanzibari la kweli nalijuaje?

Lile kasha la mbao lenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi. Kwanza kubali kwamba mengi unayoyaona yametengenezwa juzi, hakuna dhambi, mradi bei iwe ya juzi. Fungua, nusa. Harufu ya vanishi mpya ni jibu tayari. Tazama skrubu kwenye bawaba, ukiona za nyota hilo sanduku haliwezi kuwa la bibi wa karne ya 19, skrubu za nyota zimeingia duniani miaka ya 1930 (au bawaba zimebadilishwa, hapo uliza). Ndani ya droo za chini mbao huwa hazipigwi rangi, ziwe zimepauka sawasawa. Misumari ya zamani haifanani kichwa kwa kichwa. Na bei haitakuwa ya kitoto, huu siyo ununuzi wa hela ndogo, ukilipata kwa bei ya godoro kuna kitu.

Vinyago vya Mwenge je, kuna vya zamani?

Mwenge ni kwa vinyago vipya, nenda kwa raha zako ununue vipya, wachongaji wako palepale wanachonga unaona. Akikwambia hiki kina miaka mia, mwambie sawa mzee wangu, na bei ya cha mwaka huu ni ngapi? Watacheka, mtapatana. Mpingo halisi ni mzito na ukiuweka kwenye maji unazama, wa uongo ni mti mweupe umepigwa dawa ya viatu, futa chini ya kitako kwa kitambaa chenye maji utaona.

Picha za Tingatinga ni hivyo hivyo. Edward Tingatinga mwenyewe alichora miaka michache tu, 1968 mpaka alipouawa 1972, na alichora kwenye vibao vya hadibodi kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Turubai linalong'aa lenye sahihi yake kwa elfu themanini ni kazi ya mwingine, inunue kama umeipenda kwa rangi zake.

Napatanaje bei, mi naonaga aibu?

Aibu iache stendi. Salimia kwanza, shikamoo kama kakuzidi, usitaje kitu unachokitaka kwanza, shika vingine viwili. Usiseme "cha kale", sema "hiki kibovu mnauzaje". Akitaja, kaa kimya kidogo. Hapo kwenye kimya ndo bei inapungua, wengi wanaharibu wanaongea sana. Asubuhi ukiwa mteja wa kwanza anataka kufungua biashara, hapo utapunguziwa kuliko saa kumi jioni.

Kariakoo jihadhari na mawinga. Winga atakuambia twende dukani kwetu, kumbe duka siyo lake, anaweka cha juu chake kwenye bei yako. Siyo wezi, ni kazi yao na wanajua machimbo kweli, ila mkubaliane ujira wake mapema, wazi, na bei ya duka uisikie kwa masikio yako.

Beba noti ndogo. Ukitoa wekundu wa Msimbazi (noti za elfu kumi) watano kwenye bunda ulipe kitu cha buku saba, ule msemo wako wa "sina hela kaka" umekufa. Lipa namba inafanya kazi sehemu nyingi lakini kwa wa skrepa na mafundi wazee keshi ndo lugha.

Kuna vitu ni kosa kununua?

Vipo, na hapa sitanii. Chochote chenye pembe ya ndovu, hata kipande kilichochomekwa kwenye kiti cha enzi cha zamani, gamba la kasa, ngozi ya chui, meno ya kiboko, hizo ni nyara za serikali, ukikutwa nazo bila kibali maneno ya "nilinunua sokoni" hayasaidii. Biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku tangu 1989.

Halafu kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na kuvitoa nje ya nchi kunataka leseni. Kwa hiyo wa Nairobi mkiuziwa mlango mnaambiwa utapita tu Namanga, msikubali. Vigae, shanga na sarafu za Kilwa zilizochimbwa chini ndo usiguse kabisa, anayeziuza kaharibu sehemu ambayo ilikuwa bado haijasomwa. Ukitaka kuona vya namna hiyo Makumbusho ya Taifa iko mtaa wa Shaaban Robert, na kuingia kunafundisha jicho kuliko mimi.

Kwani Zanzibar siyo bora zaidi?

Vitu viko vingi Mji Mkongwe na boti ni kama saa mbili, lakini bei zimeshazoea watalii. Nenda ukaangalie, ujifunze, rudi ununue Dar. Bagamoyo ni hivyo hivyo.

Msimu gani mzuri?

Epuka masika, Machi mpaka Mei. Jangwani ikijaa maji mwendokasi unasimama na wewe umebeba redio kichwani. Mwezi wa sita mpaka wa tisa hali ya hewa ina huruma.

Nimenunua kitu kikubwa, nasafirishaje?

Ndani ya jiji, kitu cha wastani weka kwenye guta au toyo, kabati tafuta kirikuu, patana kabla hakijapakiwa maana kikishapakiwa bei inabadilika. Mkoani peleka stendi ya Magufuli, Mbezi, ofisi za mizigo za mabasi wanapokea. Funga na magodoro mabovu, siyo maboksi peke yake, na kioo cha chemli kitoe ubebe mwenyewe kwenye mkoba, hicho usimkabidhi mtu yeyote. Omba risiti iliyoandikwa "samani iliyotumika" na namba ya simu ya muuzaji, barabarani ukiulizwa unayo.

Na wewe unauza?

Siuzi. Nina chemli tisa, mke wangu ameshasema ya kumi nilale nayo nje.